Taya Linalouma kwa Kusaga Meno: Kazi ya Mikono ya Kine na Kazi Yako Mwenyewe

Maumivu ya taya yanayoletwa na kusaga meno hubandikwa majina mengi kabla ya kupata la kwao. Yakiuma mbele ya sikio, mtu anapita farmasini kununua matone ya sikio. Yakishuka kwenye gego, gego linang'olewa. Yakipanda kwenye panja, basi ni malaria inaanza, au macho yanataka miwani. Na mtoto anayesaga meno usiku, jirani yeyote wa Kadutu, hapa Bukavu, atakwambia ni minyoo, mpe mebendazoli. Katika makosa hayo yote, la gego ndilo ghali zaidi. Matone ya sikio yasipofaa unayatupa, lakini jino zima likishatoka limetoka, na maumivu yanabaki palepale kwa sababu hayakuwa ya jino.

Weka vidole vitatu kwenye shavu, kati ya mfupa wa shavu na kona ya taya, kisha uma meno kidogo. Kinachotutumka chini ya vidole ni maseta, msuli mkuu wa kutafuna. Peleka vidole kwenye panja, uma tena: huo nao ni msuli wa panja, mpana, unaoshuka kupita ndani ya mfupa wa shavu na kujishika kwenye taya. Wa tatu, terigoidi ya ndani, umejificha upande wa pili wa mfupa wa taya. Mitatu hiyo hufunga mdomo. Wa nne, terigoidi ya nje, ni mfupi, huvuta taya mbele na kusaidia kufungua.

Misuli yote minne hupokea amri kupitia tawi la tatu la neva ya trijemino, na neva hiyohiyo ndiyo inayopeleka ubongoni habari za meno, fizi, panja na sehemu ya sikio. Habari zikija nyingi kwa njia moja, ubongo hukosea anwani. Tabaka la juu la maseta likichoka, mtu husikia gego linauma. Tabaka la ndani likichoka, husikia sikio. Msuli wa panja humpeleka kwenye meno ya juu na upande wa kichwa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuapa kwamba ni jino, na wala hasemi uongo.

Namna ya kutofautisha

Kuna kipimo rahisi ambacho kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) na dantisti (daktari wa meno) hutumia, na vigezo vya kimataifa vya kuchunguza taya vilivyochapishwa mwaka 2014 vimekijenga juu ya swali moja. Bonyeza msuli kwa ncha ya kidole, kwa nguvu ya kilo 1, kwa sekunde 5, sehemu mbalimbali za shavu na za panja. Kwenye kiungo chenyewe, mbele kidogo ya tundu la sikio, nusu kilo inatosha. Kisha jiulize: hayo ndiyo maumivu yangu ya kila siku, au ni maumivu mageni tu ya kubonyezwa? Yakiwa ndiyo yaleyale, hata yakirukia kwenye gego au sikioni, msuli umejitaja. Nguvu ya kilo 1 watu wengi huikosea, wengine wanagusa tu, wengine wanachimba. Jizoeshe kwanza kwenye mizani ya jikoni: bonyeza sahani kwa kidole kimoja hadi mshale ufike 1, mkono uikariri nguvu hiyo.

Jino lenye ugonjwa lina tabia nyingine. Linasisimka kwa maji baridi au chai ya moto na maumivu yanachelewa kuondoka. Linadunda usiku. Ukiligonga kwa mpini wa kijiko, linajibu lenyewe tu na si wenzake. Ufizi wake umevimba au unatoa usaha. Kukiwa na dalili hizo, dantisti kwanza, kine baadaye.

Pima pia upana wa mdomo. Kipimo cha mtaani ni vidole vitatu vya mkono wako mwenyewe, shahada, kati na pete, vikiwa vimesimama wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kipimo cha kuandika daftarini ni rula: kutoka ncha ya jino la juu hadi ncha ya jino la chini. Mtu mzima kwa kawaida hufikia milimita 40 hadi 55. Chini ya 35 kuna kinachozuia. Andika namba mbili, ile ya kufungua bila maumivu na ile ya mwisho kabisa unayoweza kuvumilia, kwa sababu ya kwanza ndiyo inayobadilika mapema tiba ikianza kushika.

Kuhusu mlio: taya likilia "tak" unapofungua mdomo, lakini haliumi wala halikwami, halihitaji tiba. Ndani ya kiungo kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza pamoja na kichwa cha taya. Kikitangulia mbele kidogo, hulia kinaporudi mahali pake. Watu wengi wanaishi na mlio huo maisha yao yote. Anayefungua mdomo mara hamsini kwa siku ili ausikie bado upo, huyo anajitafutia maumivu.

Kusaga kwa usiku, kubana kwa mchana

Hapa ndipo mambo mawili huchanganywa. Kusaga kwa usiku hutokea ubongo unapozinduka kwa sekunde chache bila mtu kuamka: moyo unaenda mbio kidogo, kisha misuli ya taya inajikaza kwa mapigo. Mwenye kusaga hajui. Anayejua ni anayelala naye chumba kimoja. Kubana kwa mchana ni kitu kingine, mara nyingi hakina sauti: meno yamegusana na kukazwa wakati mtu anahesabu pesa, anaandika ujumbe kwenye simu, anapanda mlima na mzigo, au amenyamaza kwa hasira.

Wataalamu waliokubaliana juu ya maana ya jambo hili mwaka 2018 walisema wazi kwamba kwa mtu mwenye afya, kusaga meno ni tabia ya misuli inayoweza kuleta madhara, haistahili kuitwa ugonjwa peke yake. Wapo wanaosaga kila usiku na hawaumwi popote. Meno yasiyopangika vizuri hayaleti kusaga, kwa hiyo anayetaka kukukwangua meno kwa mashine ili "yakae sawa" na kusaga kuishe, mwambie asubiri. Minyoo nayo haina ushahidi wa kutosha. Mtoto apewe dawa ya minyoo kwa sababu ya minyoo, kwa ratiba yake ya kawaida. Kusaga kwa watoto ni jambo la mara kwa mara na wengi huacha wenyewe wakikua.

Yanayochochea yanajulikana: mawazo mengi, kahawa ya jioni, sigara, pombe kabla ya kulala, iwe bia au kasiksi. Zipo pia dawa, hasa zile za huzuni za kundi la fluoksetini na sertralini. Kama taya lilianza wiki chache baada ya kuanza dawa hizo, mwambie daktari aliyeziandika, usiziache mwenyewe ghafla. Mtu anayekoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini achunguzwe usingizi wenyewe. Na usingizi wa kukatikakatika, uwe wa hofu, wa mtoto mchanga au wa muziki wa baa ya jirani, huongeza hivyo vipindi vidogo vya kuzinduka ambamo taya hujikaza.

Sasa kine anaingia wapi? Usiku haamuriki. Hakuna mkono wala mashine inayozuia taya kujikaza saa nane za usiku. Kinachoweza kufanyika ni kuupunguzia msuli kazi ya mchana, kuulegeza pamoja na kiungo chake, na kulifundisha taya upya namna ya kutulia na kutembea. Msuli uliopumzika mchana kutwa huvumilia usiku mbaya, na ule uliobanwa tangu asubuhi unafika kitandani tayari umechoka. Ukielewa hapo, utaelewa pia kwa nini sehemu kubwa ya tiba hii iko nyumbani, na ya chumba cha kine ni ndogo.

Lini usimguse mtu taya

Kabla ya kusugua wala kuvuta chochote, mambo haya yaondolewe. Taya lililokaza ghafla kwa mtu mwenye kidonda, hata cha msumari kilichokauka, huku shingo nayo ikianza kuwa ngumu na kumeza kukiwa shida, linaweza kuwa pepopunda. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo. Uvimbe wa moto chini ya taya, homa, mate yasiyomezeka: ni usaha wa jino unaosambaa, na kulazimisha mdomo ufunguke hakutasaidia. Pigo la uso au ajali ya moto (pikipiki), kisha meno hayakutani kama zamani au kidevu kimekufa ganzi: ni picha ya mifupa kwanza. Taya linalopinda au kukwama saa chache au siku chache baada ya metoklopramidi (dawa ya kutapika) au haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) ni athari ya dawa, nayo ina dawa yake ya kuiondoa haraka. Mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye maumivu mapya ya panja, taya linalochoka akitafuna, na macho yanayofifia, asingoje kesho. Na taya linalouma pamoja na kifua mtu anapopanda ngazi ni habari ya moyo.

Mikono ya kine inafanya nini

Kikao kizuri huchukua dakika 30 hivi, mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Cha kwanza karibu chote ni maswali na vipimo. Kine anayekulaza na kukuwekea mashine bila kupima ufunguzi wa mdomo wala kugusa shingo, hajaanza kazi.

Msuli hufanyiwa kwanza nje. Kine anatafuta nyuzi ngumu ndani ya maseta na panja, anabonyeza na kutulia juu ya fundo kwa sekunde 30 hadi 90, mpaka lilegee chini ya kidole. Kisha anaingia ndani ya mdomo, akiwa na glavu, kidole kati ya shavu na magego, upande wa nje wa meno, na kingine juu ya shavu. Maseta inashikwa katikati na kubanwa polepole. Huuma, tena kwa watu wengine machozi hutoka, lakini ni maumivu yanayopungua ndani ya dakika moja. Yakizidi badala ya kupungua, nguvu imepita kiasi. Kabla ya kuanza, mkubaliane ishara ya mkono, maana mwenye kidole mdomoni hawezi kusema "simama". Na kama glavu za mpira hukuletea mwasho, sema mapema.

Baadaye kiungo. Kine anaweka dole gumba, lenye glavu na kipande cha kompresi (shashi) ili lisiteleze, juu ya magego ya mwisho ya chini upande unaouma, vidole vingine vikilishika taya kwa nje. Mkono wa pili unakishika kichwa na kuweka kidole kwenye kiungo kusikia kinavyokwenda. Analivuta taya chini taratibu, sekunde 10 hadi 30, analegeza, anarudia. Baada ya hapo analiongoza mbele kidogo. Kazi ya mvuto huo inaeleweka ukijua taya linavyofunguka: milimita 20 hadi 25 za kwanza kichwa cha taya huzunguka tu mahali pake, na baada ya hapo lazima kiteleze mbele na chini. Kiungo kilichokaza huzunguka lakini hakitelezi, ndiyo maana mdomo unaishia katikati au unapinda kuelekea upande mgonjwa. Mvuto wa ghafla wa kutaka mlio haufai hapa, hata kama unapendwa mgongoni.

Terigoidi ya nje tunashauri iachwe. Wapo wanaochimba kidole nyuma ya magego ya juu kuitafuta. Mahali pale ni pembamba, panauma hata kwa mtu mzima wa afya, na kidole hakiufikii msuli wenyewe sawasawa.

Shingo haiepukiki. Neva za shingo ya juu na trijemino hukutana sehemu moja kwenye shina la ubongo, hivyo shingo iliyokaza hulisha maumivu ya taya na taya hulisha ya shingo. Hapa Bukavu jambo hili lina sura yake. Mama anayepandisha mzigo kutoka ziwani au sokoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, shingo yake yote inapambana na ule mvuto wa nyuma, na mtu akijikaza hivyo meno nayo hukutana. Ukanda uwe mpana, ukae juu kidogo ya paji, na kila anapopumzika afungue taya na kulitikisa. Kumwambia aache kubeba ni ushauri wa mtu asiyejua chakula cha nyumba ile kinatoka wapi. Dereva wa pikipiki naye, na abiria wake: kwenye mashimo ya njia za Panzi au mteremko wa Ngomo meno hukazwa bila kujua. Afadhali midomo ifungwe na meno yaachane kidogo tu, ulimi ukiwa juu kwenye kaakaa. Usiuweke ulimi katikati ya meno, shimo moja linatosha kuukata.

Mashine zina nafasi ndogo. Umeme wa kutuliza maumivu, wa mapigo 80 hadi 120 kwa sekunde kwa dakika 20, hupunguza makali kwa saa chache. Usiwekwe kwa mwenye kifaa cha moyo wala mbele ya shingo. Mwanga wa leza wa nguvu ndogo una matokeo mazuri katika baadhi ya majaribio na dhaifu katika mengine. Mawimbi ya sauti hayajathibitika vya kutosha. Sinel ikikata umeme siku ya kikao, usione umepoteza tiba: mikono na mazoezi vinabaki.

Taya lililotulia, na yale mazoezi sita

Kila kitu kinajengwa juu ya mkao mmoja. Tamka "nnn" na usimame hapo. Ncha ya ulimi imegusa kaakaa nyuma tu ya meno ya juu, midomo imekutana, meno yameachana milimita 2 hadi 4, pumzi inapita puani. Huo ndio mkao wa taya lililopumzika. Kwa siku nzima, kula na kumeza vikiwa ndani, meno hayahitaji kugusana hata dakika 20. Watu wengi wakiambiwa hivyo hushtuka, walidhani meno kugusana ndiyo kawaida.

Kuukumbuka mkao huo ndiko kugumu. Kujiambia "nitaacha kubana" hakusaidii. Funga ukumbusho kwenye kitu kinachotokea chenyewe: kila simu inapolia, kila unapopita mlangoni, kila mteja anapoondoka mezani. Kibandiko kidogo cha rangi nyuma ya simu kinafanya kazi, ila baada ya wiki moja macho hukizoea, kibadilishe rangi au mahali. Ukijikuta umebana, usijilaumu: toa pumzi, sema "nnn", endelea na kazi.

Mariano Rocabado, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Chile, alipanga mazoezi sita yanayofanywa mara sita kila moja, mara sita kwa siku. Seti nzima ni dakika tatu au nne. La kwanza ni mkao huo huo: piga ulimi "tok" kwenye kaakaa, uache pale, vuta pumzi sita za puani zinazoinua tumbo. La pili, ulimi ukiwa bado juu, fungua na kufunga mdomo kadiri ulimi unavyoruhusu bila kubanduka. Weka vidole mbele ya masikio: unataka kusikia kiungo kinazunguka, kisichomoke mbele. Kioo kinasaidia, taya lishuke wima. La tatu, ulimi juu, meno yameachana, shika kidevu kwa vidole viwili na ukisukume kidogo kulia, kisha kushoto, kisha kama unataka kukifungua, taya likikataa bila kusogea. La nne, funganisha vidole nyuma ya shingo kuishikilia, kisha inamisha kichwa peke yake kama mtu anayekubali jambo, shingo isipinde. La tano, rudisha kidevu nyuma huku ukijirefusha utosi. La sita, vuta mabega nyuma na chini.

La tatu ndilo linaloharibiwa zaidi. Watu husukuma kama wanapima ubabe, na jioni maseta imekaza kuliko asubuhi. Nguvu ya vidole viwili vinavyoshika yai inatosha. Zoezi likiacha maumivu yanayopita nusu saa, punguza nguvu kabla ya kupunguza idadi. Na kuhusu mara sita kwa siku, ukweli ni kwamba mwenye duka au mwalimu hafiki huko. Mara tatu za utulivu zina faida kuliko mara sita za haraka, isipokuwa zoezi la kwanza na la tano, hayo yanafanyika hata kwenye foleni.

Mdomo usiofika milimita 35 kwa sababu ya misuli unahitaji kunyooshwa zaidi. Baada ya joto, weka dole gumba chini ya meno ya juu ya mbele na kidole cha shahada juu ya ya chini, vipishane, sukuma taratibu hadi uhisi mvuto, shikilia sekunde 30, rudia mara tano, mara mbili au tatu kwa siku. Wengine hutumia vile vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari hubonyezea ulimi: vinapangwa vingi kadiri vinavyoingia bila maumivu makali, na kila siku kadhaa unaongeza kimoja. Kila kijiti kinaongeza chini kidogo ya milimita 2, kwa hiyo maendeleo yanahesabika. Lakini kama taya lilikuwa linalia, kisha siku moja likanyamaza na mdomo ukagoma ghafla kufunguka, kisahani huenda kimeziba njia. Usilazimishe mwenyewe, nenda kwa kine au dantisti ndani ya siku chache.

Joto, vidole na sahani

Joto la unyevu hufanya kazi kuliko la kukauka. Taulo mbili ndogo, maji ya terimosi au ya sufuria iliyotoka kwenye babula, kamua, jaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, kisha weka shavuni hadi panjani. Taulo moja hupoa ndani ya dakika tano hivi, ndiyo maana zinahitajika mbili, zipokezane kwa dakika 15. Mwenye kisukari au ganzi ya uso ajihadhari, ngozi yake huungua kabla hajasikia. Barafu iwe ya siku mbili za kwanza tu kama kiungo kimeumia na kuvimba, dakika 10, ndani ya kitambaa.

Baada ya joto, jisugue. Taya lining'inie, meno yasiguse. Vidole vitatu kwenye maseta, miduara midogo, dakika moja au mbili kila upande, kisha panja. Kwa ndani, nawa mikono, kata kucha, ingiza dole gumba la mkono wa kushoto kwenye shavu la kulia, vidole vingine nje, bana na ushikilie sekunde 30, mara tatu kwenye sehemu tatu tofauti. Maumivu yasipite 4 kwa 10. Mara mbili kwa siku inatosha kabisa. Anayesugua kila saa huuchosha msuli upya.

Kwa wiki mbili za mwanzo pumzisha taya mezani. Bugali, sombe, ndizi za kuchemsha, maharagwe yaliyoiva, avoka na sambaza za mchuzi hazina shida. Miwa, mahindi ya kuchoma, kalanga, michopo na shikleti viwekwe kando. Nyama ikatwe ndogo, itafunwe pande zote mbili. Kufungua kizibo cha soda kwa meno, hilo halina wiki mbili, liishe. Wiki mbili zikipita na maumivu yakipungua, rudisha chakula kigumu polepole, msuli usiotumika hudhoofika na kuuma kwa kazi ndogo. Unapopiga miayo, ulimi juu ya kaakaa na ngumi chini ya kidevu.

Parasetamoli au ibuprofeni ya siku chache inaweza kukuvusha kwenye makali ya mwanzo, ila ibuprofeni si ya mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo wala mjamzito. Tramadoli ya kununua kiholela kwa ajili ya taya ni kuanzisha tatizo la pili.

Gutiera, ile sahani ngumu ya plastiki inayovaliwa usiku, ni kazi ya dantisti. Inalinda meno yasiishe na kwa baadhi ya watu hupunguza maumivu ya asubuhi, lakini haikomeshi kusaga. Ivaliwe usiku tu, ioshwe kwa maji ya kawaida na sabuni laini, maji ya moto huipindisha. Zile laini za michezo zinazochemshwa na kuumwa hufanya watu wengine wabane zaidi, kama wanatafuna. Gutiera ikianza kubadilisha namna meno yanavyokutana mchana, irudishe ikarekebishwe. Ukiwa nayo, mpelekee kine aione, kwa sababu anayekupima ufunguzi anahitaji kujua taya lako linalala katika mkao gani.

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai, pima kwa rula na uandike: kufungua bila maumivu, kufungua kwa mwisho, maumivu ya kuamka kwa kipimo cha 0 hadi 10. Kwa taya la misuli, namba ya kwanza hupanda ndani ya wiki mbili au tatu ikiwa mkao na mazoezi vinafanyika. Maumivu ya asubuhi hushuka baadaye, kwa kupanda na kushuka, maana usiku haufuati ratiba. Wiki ya sita ikifika na rula haijasogea hata milimita 5 kutoka ufunguzi uliokuwa umepungua, au maumivu yako palepale, usilipie vikao vingine vya namna ileile. Chukua daftari hilo urudi kwa dantisti au daktari wa mataya, aangalie kiungo chenyewe upya na aone kama kuna kilichokosewa tangu mwanzo.